Gharika Iliyopita Chini ya Daraja

Kila siku Chiriku aliporudi kutoka shuleni alivua viatu kwenye kizingiti, akanawa mikono, kisha akaingia katika chumba cha hesabu kabla hata ya kufunua sufuria kuona kama kuna chakula. Kwa mtoto wa miaka kumi na miwili mwenye njaa, hilo si jambo la kawaida. Lakini humo ndimo alimokuwamo baba yake, au tuseme, humo ndimo kilimobaki kidogo cha baba yake.

Koti lake la mvua lilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, na matope yalikuwa bado yamegandia kwenye pindo. Kiti chake, chenye mto uliobonyea upande mmoja, hakuna aliyekikalia. Juu ya meza ilikuwapo kompyuta yake, boksi kubwa la kijivu lenye feni mbovu. Feni hiyo ilizunguka vizuri kwa muda, kisha ikakwama kidogo na kutoa sauti kama ya mtu anayesafisha koo. Baba alikuwa akisafisha koo vivyo hivyo kila alipotaka kusema jambo. Chiriku aliposikia sauti ile alisimama kimya akalingoja hilo jambo. Halikuja, naye hakuchoka kulingoja.

"Nimerudi, baba," alisema kwa sauti ya chini, mama asisikie.

Jina la Chiriku alipewa na baba kwa sababu ya kupenda kusema. Tangu baba afariki maneno yalimwisha, jina likabaki.

Kazi ya baba, ambayo sasa ilikuwa ya mama, ilikuwa kukadiria mto. Mvua ikinyesha milimani, mpima maji wa huko alipiga simu kueleza mto umepanda kiasi gani. Namba zake ziliingizwa kwenye kompyuta, nayo ikapiga hesabu kwa saa nyingi, kisha ikachora mstari wa buluu unaoonyesha maji yatafika wapi bondeni. Mstari ukivuka kimo cha daraja, mwenyekiti wa bondeni alipigiwa simu, na watu wakapanda kilimani na watoto wao na mbuzi wao. Katika gharika kubwa ya mwisho mtandao wa simu ulikatika, na baba akaenda kuwaambia mwenyewe kwa miguu. Watu wote walihama. Yeye alikuwa anarudi, amefika katikati ya daraja, maji yalipompitia.

Sasa kompyuta ile ilikuwa imezeeka, na hesabu zake zilichukua muda mrefu mno. Wakulima wa bondeni walichanga, wakamwambia mama atafute mashine bora kabla ya mvua za masika. Basi Jumamosi moja mama na Chiriku walikwenda kwenye duka la kompyuta la Bwana Taa. Watu walimwita hivyo kwa sababu hakuna kitu dukani kwake kisichowaka.

"Mama Chiriku, karibu. Mzigo wako huu hapa," alisema Bwana Taa, akipapasa boksi la kioo ambalo ndani yake taa zilibadilika kutoka nyekundu hadi zambarau. "Kadi ya michoro ya kisasa, feni sita. Mashine hii haijui neno kuchoka."

"Uzuri wa mkakasi," mama akasema.

"Ndani kipande cha mti," Bwana Taa akamalizia, akicheka. "Aa, mama, usinivunjie biashara. Kadi hii vijana wanaigombea."

"Vijana wanachezea michezo. Programu yetu haiitumii kadi hiyo hata kidogo. Kuninunulisha mimi ni kama kumnunulia mwenye kipara kitana."

Bwana Taa alijipapasa kichwa, ambacho kweli hakikuwa na unywele hata mmoja, naye Chiriku akacheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

"Sasa wataka nini?"

"Bado sijui," mama alijibu. "Nikishajua kazi yangu inakwamia wapi, nitajua cha kununua. Pengine ni prosesa, ile inayopiga hesabu. Pengine ni ramu, pale mashine inaposhikilia namba wakati inafanya kazi. Pengine ni diski tu. Nikinunua kabla ya kupima, nitakuwa nimenunua sifa."

Alasiri hiyo mama alianza kupima. Aliichagua gharika ileile iliyomchukua baba.

"Kwa nini hiyo?" Chiriku aliuliza.

"Kwa sababu jibu lake tunalijua. Alama ya maji iko kwenye nguzo ya daraja, mita tano na nusu. Daraja lenyewe ni mita tano. Nitaiendesha hesabu hiyo mara kadhaa. Jibu likiwa lilelile kila mara, mashine ni nzima, itahitaji kuongezewa tu pale inapokwama. Likibadilika, mashine inaongopa. Hapo tutanunua mpya, hii Bwana Taa aichukue akaifungue vipuri."

Chiriku alilisikia neno la mwisho tu. Akilini alimwona Bwana Taa akiibeba feni ile peke yake, imefungwa kwenye gazeti.

Mama aliweka kompyuta ndogo upande wa pili wa meza, ya kumwonyesha prosesa inafanya kazi kiasi gani na ramu imejaa kiasi gani. Akakaa kuielekea hiyo, mgongo kwenye skrini kubwa. Mstari wa buluu wa gharika ile hakutaka kuutazama.

"Wewe utanisomea jibu, mwanangu," alisema.

Mara ya kwanza Chiriku alisoma mita tano na nusu. Mara ya pili, siku iliyofuata, ikawa vivyo hivyo. Mama aligundua kwamba ramu ilikuwa ikijaa hadi pomoni, mashine ikalazimika kuhifadhi namba kwenye diski na kuzirudisha, huku prosesa ikikaa bure. Tatizo lilikuwa ramu ndogo, basi.

Mara ya tatu jua lilikuwa linazama, na chumba kimeanza kuwa na giza kwenye pembe. Mstari wa buluu ulipanda, ukapanda, kisha ukakatika ghafla kama ngazi iliyovunjika na kuendelea chini. Namba ya mwisho ilikuwa mita nne. Maji yalikuwa yamepita chini ya daraja.

Feni ikasafisha koo.

Chiriku aliinuka. Aliligeukia koti nyuma ya mlango, akairudia skrini. Katika hesabu hii hakuna aliyechukuliwa na maji. Katika hesabu hii baba alivuka, akapanda kilima, akaja nyumbani akavua koti na kuliangika. Jambo alilokuwa akitaka kulisema siku zote, Chiriku aliwaza, lilikuwa hili.

"Umeona nini?" mama aliuliza, bila kugeuka.

"Mita tano na nusu, mama."

Wiki hiyo Bwana Taa alikuja na vipande vipya vya ramu, akavipachika kando ya vile vya zamani. Hesabu ya kutwa nzima sasa ikaisha kabla chakula hakijaiva. Mama alifurahi, na wakulima walifurahi. Chiriku alitakiwa afurahi kuliko wote, maana baba amebaki. Lakini tangu siku ile hakuweza kuingia chumbani peke yake. Feni ilipokwama alihisi anaitwa, na hakutaka tena kujua anaitiwa nini. Alikula kidogo, akalala kidogo, na mama alipomuuliza alisema ni kichwa.

Kisha masika yakafika. Mpima maji wa milimani alipiga simu kabla ya adhuhuri akasema mto unapanda haraka. Mama aliingiza namba zake, akaipa skrini mgongo kama alivyozoea tangu majaribio, na mchana hesabu ilikuwa inaelekea mwisho wakati simu ilipolia tena. Alikuwa mwenyekiti wa bondeni.

"Mama Chiriku, tuhame au tukae? Tuna wagonjwa hapa, na kuna mama amejifungua juzi. Sitaki kuwatoa kwenye mvua kwa bure."

"Ngoja nikuambie sasa hivi. Chiriku, nisomee namba ya mwisho."

Chiriku alisogea. Mstari wa buluu ulipanda vizuri, kisha ukakatika kama ngazi iliyovunjika. Mita nne na robo.

"Chiriku?"

"Mita nne na robo."

Mama alishusha pumzi. "Mwenyekiti, afadhali. Yatapita chini ya daraja, kwa hiyo..."

Feni ilisafisha koo. Chiriku aliliona daraja, na juu yake si baba, bali mama asiyemjua amebeba kichanga.

"Mama, usimwambie wakae," alisema. Sauti ilimtoka kubwa, ile ya zamani. "Mashine inaongopa. Iliongopa hata siku ya majaribio. Ilisema mita nne, nikakusomea tano na nusu."

Mama alimtazama, simu ikiwa bado sikioni. Kisha akageuka, kwa mara ya kwanza, akautazama mstari wa buluu na ngazi yake iliyovunjika.

"Mwenyekiti," alisema, "hameni. Sina jibu la kuaminika, na nisipokuwa nalo siwezi kuwaambia mkae. Anza na wagonjwa."

Hakumgombeza Chiriku. Alizima mashine, akaifungua, akachomoa vipande vya zamani vya ramu, maana kosa lilianza kabla vipya havijaja, akabakiza vipya peke yake, kisha akaanza hesabu upya. Walikaa bega kwa bega, wote wawili wameielekea skrini. Jioni mstari ulipanda bila kukatika hadi mita tano na zaidi.

Alfajiri maji yalipita juu ya daraja. Yaliondoka na banda la kuku na kipande cha uzio, basi. Mwenyekiti alipiga simu kutoka kilimani, na nyuma yake kichanga kilisikika kikilia kwa nguvu zote.

Baada ya simu hiyo Chiriku naye alilia. Alieleza yote: feni, koti, na gharika iliyopita chini ya daraja.

"Nilidhani baba ananiambia alivuka," alisema.

Mama alimfuta machozi. Kisha akavuta kile kiti chenye mto uliobonyea, akakikalia, akampakata binti yake ingawa miguu yake ilikuwa mirefu kwa kupakatwa.

"Hata mimi ningetamani jibu hilo," alisema. "Na kosa si lako peke yako. Ningeuangalia mstari mwenyewe, ningeuona umekatika. Niliupa mgongo kwa sababu niliogopa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sisi tumeponea chupuchupu."

Walirudi kwa Bwana Taa. Safari hii mama alijua anachotaka: ramu kubwa, ya aina inayotambua namba ikiharibika na kuisahihisha yenyewe, prosesa ya wastani, diski mbili, moja ikifa nyingine ibaki, na kifaa cha kulinda umeme usikatike kazini. Bwana Taa alileta boksi jeusi lisilo hata na taa moja ya mapambo, akaliweka mezani kwa huzuni.

"Hii haivutii hata inzi," alisema.

"Ndiyo hiyo," mama akajibu.

Ile ya zamani aliifungua Bwana Taa mwenyewe. Chiriku aliiomba feni, naye akampa bila kuuliza. Kumbe ilikuwa nyepesi sana, na mkononi haikutoa sauti yoyote.

Mashine mpya ilipowashwa chumba kilikuwa kimya. Kazi yake ya kwanza ilikuwa gharika ileile. Mama alikaa kwenye kiti cha baba, macho kwenye skrini, Chiriku kando yake.

"Nisomee, mwanangu. Kile kilichoandikwa, hata kikiuma."

Mstari wa buluu ulipanda, ukalifikia daraja, ukalipita.

"Mita tano na nusu," Chiriku alisema. Machozi yalimtoka, lakini sauti haikukatika. "Maji yamepita juu ya daraja, mama."

"Ndiyo. Yalipita," mama alisema, akimshika mkono. "Baba yako alikwenda kule ili watu waambiwe ukweli kwa wakati. Ukitaka abaki humu ndani, Chiriku, usimtafute kwenye feni. Sema ukweli kama alivyousema yeye, hata ule usioupenda. Mashine tunaweza kuinunua ikijua kujisahihisha. Binadamu lazima aseme mwenyewe."

Waliiendesha hesabu tena kesho yake, na kesho kutwa. Jibu halikubadilika. Siku ya tatu Chiriku aliporudi kutoka shuleni alilichukua lile koti la mvua msumarini, akalifua matope, akalianika nje juani.