Mpe Hata Wangu

Mchoraji wa mabango alikuwa anakula kimya, kisha akainua uso kuelekea kona isiyo na mtu, akasema, "Tega."

Dada yake, fundi cherehani, akasimamisha mguu kwenye pedali. "Nani anakutegea?"

"Hakuna, Dada."

"Na huyo Hakuna ndiye unayemjibu?"

Akarudisha macho kwenye sahani. Chumba kilinuka nguo mbichi iliyopigwa pasi ya moto, na pasi ilikuwa haijawashwa.

Fundi alikuwa mjamzito, tena na uchovu usioponywa na usingizi. Muuguzi wa kliniki ya akili alisema dawa zisikatwe, na hazikukatwa. Shangazi alisema ni jini, akafukiza, akakohoa kuliko jini mwenyewe. Kila mmoja alimcheka mwenzake, kila mmoja akarudi kwake kulala, mgonjwa akabaki na dada yake. Pengine wote walikuwa na ukweli kidogo, ila ukweli wa vipande haumlazi mtu.

"Niambie, basi," fundi alimbembeleza mdogo wake.

"Kinanitegea vitendawili," akanong'ona. "Nikishindwa, kinadai mji."

"Mpe. Si ndio mchezo wenyewe? Utotoni ulinipa miji mpaka ukalia."

"Dada, kila ninaoutoa unanitoka kichwani. Barabara zake, watu wake, vyote. Sasa imekwisha. Kinasema nikikosa mwingine, nijitoe mwenyewe." Akatazama paa la jengo la jirani kama mtu anayetazama kitanda chake.

Hasira ikampanda fundi, hasira ya foleni na vidonge na mafusho na majirani wanaouliza "mgonjwa anaendeleaje?" huku shingo zao zimeshavuka mlango, akatupa kitambaa chini, akapiga kelele: "Basi mpe hata mji wangu, tupumzike!"

Alimaanisha kule alikoolewa, mahali asipopapenda hata siku moja.

Ile harufu ikakatika. Mdogo wake akalala kama mtoto aliyeshiba. Kesho yake alichora bango la kinyozi, herufi zimenyooka, huku akipiga mluzi.

Fundi ndiye aliyekwenda kwa mkunga, kwa sababu tumbo lake lilikuwa limenyamaza. Mkunga akabonyeza hapa, akabonyeza pale, uso ukamkunjika.

"Mtoto anacheza?"

"Tangu jana hajacheza."

"Mji umepoa, mwanangu. Kama nyumba iliyohamwa. Nenda hospitali sasa hivi."

Mji. Neno hilo la wazee kwa tumbo la uzazi alilijua tangu alipovunja ungo. Yeye alikuwa amelisahau. Aliyekaa konani hakulisahau.

Nyumbani kulikuwa njiani. Aliingia bila kuvua viatu, akasimama mbele ya ile kona.

"Kitendawili!"

Gurudumu la cherehani likazunguka lenyewe, polepole, na ile harufu ya nguo mbichi ikarudi nzito, ikamwingia puani na kooni, mpaka akahisi kama kuna mtu anapumua ndani ya pumzi zake, na bado hakurudi nyuma, kwa kuwa nyuma hakukuwa na mtu wa kumsaidia. Kisha sauti kavu ikasema, "Tega."

"Namlisha, namfulia, nampigania, na simfikii."

"Kivuli."

"Sicho."

"Maiti."

"Siyo!"

Gurudumu likasimama. "Nimeshindwa. Nakupa mji." Ikamtajia miji mikubwa, yenye taa na bandari.

"Siutaki huo. Wala huo. Nataka wangu. Na jibu ni mdogo wangu."

"Nami nitakaa wapi?" ikauliza, karibu kwa huzuni.

"Hilo halinihusu!"

Mtoto akapiga teke. Fundi akashika tumbo kwa mikono miwili, akacheka, akalia, akacheka tena. Katika chumba cha pili brashi ikaanguka.

Mdogo wake akatokea mlangoni, amekunja mikono mbele kama mgeni. Ile harufu ilikuwa imehamia kwake.

"Mdogo wangu?" fundi akanong'ona.

"Mwenyewe ametoka," akajibiwa kwa sauti ya ndugu yake, kwa adabu kabisa.

Fundi akavuta kigoda, akakiziba nacho kizingiti, akakaa.

"Nitamsubiri," akasema. "Na dawa zake, mpaka arudi, utazimeza wewe."