Moto Katika Stoo ya Salfa

Mustafa Nampoto alikuwa amelazwa juu ya mkeka barazani kwake Mahurunga, kafunikwa shuka jeupe. Inspekta Gladness Chilumba alilifunua, akatazama, akalirudisha. Hakuona jeraha lolote. Daktari waliyetoka naye Mtwara alimaliza kazi yake upesi: marehemu hakuuawa na moto, ni moshi wa salfa uliomharibia mapafu.

Siku hiyo binti wa Mustafa alikuwa anatolewa unyagoni. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, basi pikapu ya baba mtu ikaegeshwa kando ya baraza, na inveta, mashine ya kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, ikaungwa kwenye betri yake ili spika zipige. Saa sita mchana moto ukazuka stoo, kwenye mifuko ya salfa ya kupulizia mikorosho. Mustafa aliingia kuuzima, akatolewa kwa kuburutwa.

Polisi walipofika, kijiji kilikwishapata mtuhumiwa wake. Alikuwa Pedro, fundi aliyeifunga ile inveta, ambaye wazazi wake walivuka Ruvuma enzi za vita vya Msumbiji. Asubuhi alikuwa amegombana na marehemu, na watu walimsikia akisema, "Mtaungua nyie." Mgambo walikuwa wamemfunga mikono kwa kamba. Mtendaji wa kijiji alimnong'oneza Gladness kwamba asipoondoka na Pedro jioni hiyo, vijana wataichoma nyumba ya fundi huyo na wanawe wakiwamo.

Gladness aliamuru kamba ifunguliwe. Walioona walinung'unika, naye akawaacha wanung'unike.

"Ulisema wataungua?"

"Nilisema, afande."

"Kwa nini?"

"Walitaka niunge spika sita na friji la soda. Inveta ile mwisho wake spika mbili. Nikakataa. Marehemu akanifukuza."

"Uliifunga wapi?"

"Hapa barazani, juu ya ubao, feni yake ipate hewa. Waya mnene, mfupi, na fyuzi palepale karibu na betri. Nikawaachia na fyuzi moja ya akiba."

Barazani ubao ulikuwepo, inveta haikuwepo. Mabaki yake yalikuwa ndani ya stoo, na toka kwenye pikapu hadi dirisha la stoo ulipita waya mwembamba kama wa redio. Wote ulikuwa umeyeyuka. Gladness aliutazama kwa uchungu wa mtu aliyekwisha kupatwa na kama hayo. Kwake Magomeni ana inveta, na mwaka wa kwanza alifanya ubahili wa waya akaunguza runinga. Fundi wake alimsema kama mtoto: ukitaka kufika mbali, refusha waya wa upande wa vyombo, upande wa betri uwe mfupi na mnene.

Akafungua boneti. Fyuzi ilikuwa ndani ya kikasha chake, imekatika katikati.

"Si unaona, afande," alisema mtu nyuma yake. "Fyuzi yake mbovu."

Huyo alikuwa Sudi, kaka wa Nuru, mke wa marehemu. Kwa hiyo ndiye mjomba wa mwali, na kwa watu wa Mahurunga sherehe ya mwali ni heshima ya mjomba kabla haijawa ya baba. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kipande cha khanga.

Gladness alikiinamia kile kikasha. Kuna kitu hakikumkaa sawa. Kazi ya fyuzi ni kufa mapema ili waya upone. Kama hii ilikatika, waya mzima uliyeyushwa na umeme gani?

Aliichomoa kwa koleo. Ilikuwa safi, plastiki yake haikupinda hata kidogo, lakini sakafu ya kikasha iliyokuwa chini yake ilikuwa imeyeyuka, na katikati pana mfereji ulionyooka wa kitu chembamba cha mviringo. Alimwita Koplo Elia apige picha, kisha apekue gari zima. Elia hakuchelewa. Chini ya kiti cha dereva alikuta msumari wa inchi nne, umebadilika rangi kwa joto. Gladness aliulaza ndani ya ule mfereji, ukaenea barabara.

Sasa akamgeukia Sudi.

"Mkono umeungulia wapi?"

"Nikimtoa shemeji stoo."

"Wanawake wanasema walimtoa wenyewe, kwa khanga mbichi. Wewe ulikuwa wapi?"

Sudi aliuficha mkono nyuma ya mgongo.

"Fungua hicho kitambaa."

Kwenye kidole gumba na cha shahada palikuwa na mstari mmoja wa malengelenge, upana wa msumari. Sudi aliutazama kana kwamba si wake. Gladness alimweleza kuwa anayo haki ya kukaa kimya, na kwamba atakalosema litaandikwa. Lakini mtu yule alikuwa amechoka kukaa kimya.

Muziki ulizimika mara ya kwanza, akasema, wakaweka fyuzi ya akiba. Ukazimika tena. Wageni wa kutoka Chikongola wakaanza kucheka, bibi mmoja akauliza kama mwali anatolewa au anaombolezwa. Inveta alikwishaihamishia stoo isikanyagwe na watoto, akarefusha kwa waya aliokuwa nao. Fyuzi zilipokwisha, akaweka msumari.

"Mimi ndiye mjomba, afande. Ngoma ikizima, anayechekwa ni mimi."

"Halafu?"

"Moshi ulipotoka nikakimbilia gari. Nikachomoa msumari, nikarudisha fyuzi iliyokatika. Sikujua shemeji ameingia ndani."

"Ulipojua?"

"Nikasema, nitamwambiaje dada?"

"Ukamwachia Pedro."

"Pedro ana kwao, ng'ambo. Angeweza kwenda. Mimi ningekwenda wapi?"

Hawakuona Nuru alitoka lini chumbani. Alikuwa amesimama mlangoni na khanga ya kilio, macho makavu. Gladness alitaka kumrudisha ndani, akashindwa.

"Kwao wapi, Sudi?" Nuru aliuliza. "Mama ndiye aliyempokea alipozaliwa, kwenye kitanda kile kile ulichozaliwa wewe. Leo ungemwacha achomewe wanawe?"

Sudi alijifunika uso kwa ule mkono ulioungua. Elia alimfunga pingu, akampeleka kwenye gari la polisi: kuua bila kukusudia, na kuharibu ushahidi. Watu walipisha njia, na waliokuwa wakinung'unika walianza kutazama miguu yao. Gladness aliwaonea hasira, kisha huruma ikamwingia, maana Nuru kwa siku moja alikuwa amepoteza mume na kaka, na hakuna kifungu cha sheria cha kumrudishia hata mmoja.

Pedro aliazima spana, akaiendea pikapu. Katika hekaheka zote hizo hakuna aliyekumbuka kukata betri. Alifungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya, akaifuta spana na kumrudishia mwenyewe.

Halafu akamuuliza mtendaji kaburi linachimbwa upande gani, akachukua jembe akaenda.