Ida Alivyopanda Newala kwa Skuta

"Ida, uko wapi? Mbona nasikia upepo?"

"Niko chini ya mlima."

"Mlima upi?"

"Wa kwenu Newala. Nimesimama kidogo injini ipumzike, halafu nianze kupanda."

Filemoni aliyekuwa amejilaza kwenye mkeka aliketi ghafla.

"Umekuja na gari la nani?"

"Na skuta yangu."

"Nini? Ida, una akili wewe? Skuta haipandi huo mlima!"

"Wewe uliipandisha lini ukaona haipandi?"

"Hiyo ni ya lami ya mjini! Haina gia! Kwenye kona kali mimi narudisha gia namba mbili, injini inavuta. Wewe utarudisha nini?"

"Sirudishi kitu. Nitafungua mafuta, nitasali."

"Usinichekeshe."

"Sikuchekeshi. Jana uliniandikia kwamba tumeachana. Sasa mtu tuliyeachana naye anahangaika na kona zangu kwa nini?"

Kwenye simu ulisikika upepo tu, na lori likipita.

"Geuza urudi Masasi," Filemoni alisema kwa sauti ndogo.

"Nikifika juu nitakupigia."

Akakata.

Ida alikuwa binti wa Masasi, mwoka keki. Keki za harusi, za kipaimara, za kuzaliwa, alizioka nyumbani kwao na kuzisambaza mwenyewe mjini kwa skuta nyekundu. Filemoni alikuwa dereva wa bodaboda Newala, mmoja wa wale ambao abiria husema, "Namsubiri yuleyule." Walikutana siku skuta ilipoharibika mkanda, na Ida alikuwa na keki ya kupeleka Lukuledi. Filemoni alikuwa Masasi, ameshusha abiria, akaitwa aibebe keki pamoja na mwenye keki.

Njia nzima Ida alikuwa anamfinya bega.

"Kaka, taratibu! Kila ukibadilisha gia keki yangu inapiga magoti!"

"Dada, hii ni pikipiki, si kitanda."

"Skuta yangu haina huo mtikisiko. Unafungua mafuta, inakwenda kama maji."

"Na mkanda wake ukikatika unabaki barabarani kama leo. Mimi cheni ikikatika, kila kijiji kuna fundi. Betri ikifa, nasukuma, natia gia, inawaka. Wewe ukisukuma utasukuma mpaka kwenu."

"Mimi mguu wangu haujui kazi ya gia, na viatu vyangu haviishi upande mmoja."

"Na mafuta je? Hiyo inakunywa."

"Inakunywa, lakini haigombani na keki."

Keki ilifika Lukuledi imeegemea upande mmoja, na bibi mwenye sherehe akasema ndivyo anavyoipenda. Kutoka siku hiyo Filemoni akawa na abiria wa Masasi kila wiki, hata kama abiria mwenyewe hakuwepo. Ubishi wa gia na skuta ukawa ndiyo salamu yao. Baadaye akatuma washenga, wakapokelewa vizuri na baba yake Ida, Mzee Abrahamu, katekista.

Halafu ukaja msimu wa korosho. Filemoni alikwenda kusaidia kupanga magunia ghalani, akampigia Ida jioni moja na kumwambia ameteguka mguu kidogo. Ida akasema anakuja. Akajibiwa, "Usije, wiki ijayo nakuja mwenyewe." Wiki ijayo ikawa ijayo nyingine. Simu zikapungua, vicheko vikaisha, na mwisho ikaja ile meseji:

"Ida, naomba tuachane. Usiniulize sababu. Utapata mwanaume anayekufaa. Niombee radhi kwa wazazi."

Ida hakulia mbele ya watu. Alimpelekea baba yake simu. Mzee Abrahamu akavaa miwani, akasoma, akaivua.

"Huyu alileta watu wazima wakakaa kwenye mkeka wangu, wakala ugali wangu," alisema. "Posa haivunjwi kwa meseji. Nenda akwambie kwa mdomo wake. Kama ana mwanamke, akwambie. Kama hana, akwambie vilevile."

Ndiyo maana asubuhi ile alikuwa chini ya mlima.

Akavaa helmeti, akawasha. Mwanzo skuta ilipanda bila neno. Ilipofika kwenye mwinuko mkali ikaanza kulia kama cherehani, mwendo ukashuka, na lori la mbao lililokuwa likijikokota nyuma likampita, utingo akimpungia mkono. Ida aliinama mbele kana kwamba anaisukuma kwa kifua. Kona, kona nyingine. Nyani waliokaa kwenye kingo za barabara walimtazama bila haraka. Lakini skuta haikusimama. Upepo wa baridi ulipompiga usoni, na bonde lote likawa chini yake limefunikwa na ukungu, Ida alipiga kigelegele peke yake barabarani.

Kwenye kijiwe cha bodaboda mjini Newala, vijana waliacha mazungumzo. Rafiki wa Filemoni, Awadhi, alikuwa wa kwanza kumtambua.

"Shemeji! Umepanda na hiyo?"

"Kwani unaona nimeibeba kichwani? Filemoni yuko wapi?"

Awadhi akaangalia chini.

"Yuko kwao, Mkunya."

"Awadhi, niambie ukweli. Ana mwanamke?"

"Mwanamke? Angekuwa na mwanamke tungemwona anacheka. Miezi hii hacheki, shemeji. Ameniapisha nisiseme kitu. Ila kukuonyesha njia hajanikataza."

Awadhi akatangulia na pikipiki yake. Walipoacha barabara kuu na kuingia njia ya mchanga kati ya mikorosho, yake ilipita ikirusha vumbi. Skuta ya Ida ilicheza kushoto, ikacheza kulia, gurudumu dogo la mbele likazama, na Ida akalala mchangani taratibu kama mtu anayejilaza kitandani. Awadhi alirudi anacheka.

"Hapa ndipo gia na magurudumu makubwa vinapoonyesha kazi, shemeji."

"Nakubali. Sasa nyamaza usukume."

Mama Filemoni alikuwa anaanika muhogo uani alipowaona wanakuja, mmoja kwenye pikipiki, mwingine amejaa mchanga mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu! Nnungu wangu! Umefikaje?"

"Nimefika, mama. Nimemfuata mwanao."

"Yuko ndani. Amesikia ngurumo yako, akajificha." Kisha akapaza sauti. "Filemoni! Toka! Mimi nimechoka kukufichia!"

Filemoni akatoka ameshika mwimo wa mlango. Aliposogea, Ida akaona. Mguu wa kushoto ulikuja nyuma mgumu, kifundo hakikunjiki.

"Ulisema umeteguka," Ida alisema.

"Ndivyo nilivyotaka iwe. Rundo la magunia liliniporomokea. Mfupa umeunga, lakini daktari amesema kifundo hakitarudi kama zamani."

"Na ndiyo sababu ya kuniacha?"

"Njoo." Akampeleka kwenye kibanda, akafunua turubai. Pikipiki yake ilikuwa pale, safi, imepanguswa. "Gia inabadilishwa na mguu wa kushoto, Ida. Vidole vinakandamiza mbele, kisigino nyuma. Huu mguu sasa ni kama mchi. Nilijaribu. Nilitoka hapa na gia namba moja, sikuweza kutia namba mbili. Injini inalia, watoto wa shule wanakimbia pembeni yangu, wananipita, wanaimba." Mdomo ulimcheza, nusu kucheka, nusu kulia. "Dereva wa bodaboda anayepitwa na watoto. Nitakulisha nini? Sikutaka uolewe na huruma."

Ida akampiga ngumi ya bega, na si ya utani.

"Filemoni, nimekaa silali nikijua kuna msichana mwingine! Nimemchora mpaka sura. Nimempa na jina."

"Jina gani?"

"Rose."

"Mimi simjui Rose yeyote."

"Na mimi simjui! Lakini namchukia sana!"

Awadhi, aliyekuwa nje ya kibanda, alishindwa kujizuia, akaangua kicheko. Mama Filemoni akafuata. Filemoni mwenyewe akacheka huku machozi yanamtoka, na Ida akamshika mikono yote miwili.

"Nilikupenda kabla sijajua una vifundo," alisema. "Sasa shika huu ufunguo."

"Wa nini?"

"Wa skuta. Kila kitu kiko mikononi. Mguu hauna kazi pale."

Filemoni akarudisha mikono nyuma.

"Hapana. Skuta ni ya kina mama. Nikitokea nayo kijiweni watanizika kwa vicheko."

"Kwa hiyo ni bora ukae hapa unapangusa pikipiki usiyoiendesha?"

Ndipo mama yake alipofunga kanga vizuri, akaenda kwenye skuta, akapanda kiti cha nyuma.

"Umesema ni ya kina mama. Mimi ni mama. Nipeleke kwa dada yangu. Tangu uumie sijapakiwa, nimechoka kutembea."

"Mama, mchanga..."

"Pita pembeni kwenye majani. Ama unanikatalia?"

Hakuna dereva wa bodaboda Newala nzima ambaye angejibu ndiyo. Filemoni akapanda. Ida akasimama pembeni.

"Washa. Fungua mafuta taratibu. Usitafute kitu kingine."

Skuta ikaondoka. Ikafika kwenye mkorosho wa kwanza, na Filemoni, kwa mazoea ya miaka yote, akabana mkono wa kushoto kwa nguvu ili abadilishe gia. Skuta ikasimama papo hapo. Mama yake akamgonga mgongoni kwa paji la uso.

"Hiyo siyo klachi!" Ida alipiga kelele. "Ni breki!"

"Unataka kuniua na mkwe wangu ameshafika?" mama naye akamaka.

Wakaondoka tena. Wakapotea kati ya mikorosho. Ida na Awadhi walibaki wanasikiliza ule mlio mwembamba ukienda, ukienda, halafu ukirudi, na pamoja nao sauti ya mama akiimba wimbo wa kanisani. Filemoni aliposimama uani, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mkono wangu unatafuta klachi," alisema.

"Hakuna."

"Mguu wangu unatafuta gia."

"Hakuna."

"Sasa mtu anafanya nini pale juu?"

"Anaendesha tu, Filemoni."

Akaushika usukani tena kama mtu anayeogopa utachukuliwa.

"Mchangani inateleza vibaya sana," alisema. "Lakini njia ya majani inakwenda. Na wakati wa kuondoka, haishtui hata kidogo. Ndiyo maana keki zako..." Akaacha hapo, akacheka.

Baada ya chakula Ida aliinuka kuaga. Filemoni akainuka pia.

"Huendi peke yako."

"Nimepanda peke yangu."

"Kupanda ni nguvu ya injini tu. Kushuka ndiko kwenyewe. Pikipiki yangu unaweka gia ndogo, injini inakushika. Hii ukifunga mafuta kabisa, mwendo ukiwa mdogo, injini inaachia gurudumu, unateremka kama mkokoteni. Ukiegemea breki muda wote zinachemka. Unabana, unaachia, unabana, unaachia, katikati unapumzika."

"Basi nishushe wewe."

"Masasi?"

"Kwani mimi nakaa wapi?"

Filemoni akaelewa Masasi kulikuwa na nani. Akavaa helmeti.

Walishuka taratibu, Ida amemshika kiuno. Katikati ya mlima walisimama kupumzisha breki, wakakaa kwenye ukingo wa barabara, bonde lote mbele yao.

"Baba yako amesoma meseji?"

"Amesoma."

"Alisemaje?"

"Utamwuliza."

Mzee Abrahamu alikuwa amekaa barazani skuta ilipoingia. Alimwona nani yuko mbele na nani yuko nyuma, akakunja gazeti. Filemoni alishuka, akatembea na mguu wake mgumu mpaka mbele ya mzee, asijaribu kuuficha.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekuja na mshenga?"

"Hapana, baba. Nimekuja na skuta."

Mzee aliutazama ule mguu, akamtazama bintiye aliyejaa mchanga, akaelewa bila kuambiwa mengi.

"Jana ulinitumia salamu za radhi kwa meseji. Sikuzipokea. Sema leo, kwa mdomo."

"Baba, niliona aibu. Niliumia, nikadhani sifai tena. Nikaamua mimi kwa niaba ya Ida, bila kumwuliza. Nisamehe. Bado namtaka, kama bado yupo."

"Mwulize mwenyewe, yuko nyuma yako."

Filemoni akageuka.

"Upo?"

"Niende wapi?" Ida akajibu. "Ufunguo wa skuta unao wewe."

Mzee Abrahamu akacheka mpaka miwani ikadondoka, akamwita mkewe alete kiti kingine.

Filemoni aliuza pikipiki ya gia, akanunua skuta ya buluu. Wiki ya kwanza kijiweni walimwita Mama Filemoni Mdogo. Wiki ya pili abiria wakaanza kumchagua: wajawazito wanaokwenda kliniki, kwa sababu kiti ni kipana na haishtui, bibi wenye magoti mabovu, kwa sababu ni rahisi kupanda. Abiria wa vijiji vya mchangani aliwaachia akina Awadhi, nao wakamwachia wagonjwa na wazee wa mjini. Utani ukaisha wenyewe.

Baada ya Pasaka kanisa lilijaa. Keki aliioka bibi harusi mwenyewe, watu wakamkatalia asiisambaze. Filemoni alitembea hadi altareni bila fimbo, taratibu, katika suti iliyomkaa vizuri. Ida alikuja kwa mkono wa baba yake, na kwa kuwa bwana harusi alikuwa anamtazama akitabasamu, alisahau kulia kama alivyowaahidi shangazi zake.

Padre akafungua kitabu.

"Filemoni, je, unamkubali Ida..."

"Namkubali!"

Kanisa zima likacheka. Padre akashusha kitabu, akamtazama juu ya miwani.

"Kijana, sijamaliza kuuliza."

"Endelea tu, Padre," Filemoni alisema, akiwa hajamwachia Ida mkono. "Jibu langu ndilo hilohilo."

Vigelegele vikapigwa kabla swali halijafika mwisho.