Rangi ya Irine

"Amefariki lini?" Joha alimuuliza mzee aliyetoka Mikumi. Alitaka tu picha ya binti yake Irine, aliyopigwa hapohapo studio kwa Joha siku ya Pasaka, igeuzwe nyeusi na nyeupe ya kuweka juu ya jeneza. Kisha akatoka nje kusubiri. Mfiwa haulizwi mara mbili, na wanaomlaumu rafiki yangu Joha waniambie wao wangeuliza nini.

Ndiyo kwanza kompyuta zilikuwa zinaingia Kilosa. Joha akaondoa rangi. Gauni la njano likawa kijivu, midomo ikafuata. Kwa ugeni wake akahifadhi juu ya picha ileile, ya rangi ikapotea kabisa.

Umeme ukakatika. Chumba hakikuwa na dirisha. Feni ya kompyuta ikanyamaza, na nyuma ya pazia kiti cha wateja kikalia, kama mtu amekaa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," Joha akaitikia kwa mazoea.

Umeme uliporudi, alifunua pazia. Lilikuwa jekundu vilevile, na kiti kilikuwa cha bluu. Irine alikuwa ameketi, anapumua. Gauni lake lilikuwa kijivu, na midomo pia.

"Dada," alisema taratibu, "naomba unirudishie rangi yangu."