Chakula cha Anayeondoka

Wapo waliokutana kanisani, wapo waliokutana harusini. Hilda na Alfonce, Mungu aliwakutanisha mbele ya nyanya.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi katika Soko la Majengo, jijini Dodoma. Wachuuzi waliita wateja, mikokoteni ilipenya kwa shida, na harufu ya dagaa na vitunguu ilikuwa imetanda. Hilda, mpishi wa shule moja ya bweni, alikuwa ameinama akichagua nyanya. Alivaa gauni la kitenge cha bluu chenye ndege weupe, na kilemba cha kitambaa hichohicho. Mara kitu kizito kikamgonga begani, na nyanya zikabiringika hadi chini ya meza ya jirani.

"Samahani sana, dada," alisema mwanamume mmoja, akipiga magoti kuziokota. Mgongoni alibeba begi refu lililompita kichwa, na kila alipoinama, begi lilimsukuma mbele kama mtu mwenye haraka.

"Acha kuinama, kaka. Ukianguka na mzigo huo nani atakuinua? Unahama nyumba?"

"Sihami. Natembea."

"Unatembea kwenda wapi?"

"Popote penye kilima. Mimi na wenzangu wa ofisini, kule Mtumba, tunakwenda vilima vya Kondoa kwa miguu. Tunabeba mahema, tunabeba chakula, tunalala hukohuko."

"Nani amewalazimisha?"

"Hakuna."

"Haya. Kwetu Mvumi mtu akilala porini, ujue anatafuta ng'ombe aliyepotea."

Mwanamume yule alicheka. Alikuwa mrefu, mwenye shati la kaki lililopauka kwa kufuliwa na viatu vyenye vumbi jekundu. Alisema jina lake ni Alfonce, mpima ardhi, Msandawe wa Farkwa. Hilda alijaribu kuliinua lile begi kwa mkono mmoja, likakataa kuondoka chini.

"Una nini humu?"

"Maharage ya kopo. Nyama ya kopo. Samaki wa kopo."

"Hujabeba chakula, Alfonce. Umebeba maji na bati."

"Sasa nifanyeje?"

"Maji yaache Dodoma. Jua letu linayachukua bure."

Wiki ile hakwenda Kondoa. Alikwenda Chang'ombe, nyumbani kwa Hilda, na huko alionyeshwa kitu ambacho hakuwahi kukiona. Uani palikuwa na sanduku pana la mbao, limefunikwa nailoni angavu, lenye matundu ya hewa pande mbili na trei za wavu ndani. Watu wa nyumbani kwa Hilda wamekausha mlenda na majani ya kunde tangu zamani, na yeye alikua akivianika pamoja na mama yake. Lakini alikuwa ameongeza ya kwake. Alipika maharage mpaka yakalainika, kisha akayatandaza yakauke. Alipika wali na kuukausha punje kwa punje. Nyama alichagua isiyo na mafuta, akaisaga, akaikaanga na kuisuuza kwa maji ya moto, kwa sababu mafuta yakibaki huchacha. Vikishakauka alivitia kwenye chupa za kioo na kuvitazama kwa siku kadhaa. Chupa ikitoa ukungu ndani, chakula kilirudi juani.

"Ukiwa kilimani," alimwambia, "mimina maji ya moto, funika, subiri. Kuni chache, mzigo mwepesi."

"Nisubiri kiasi gani?"

"Sali Baba Yetu polepole mara kadhaa. Usiibe maneno."

Safari iliyofuata, simu ya Hilda iliita jioni akiwa anaanua trei.

"Halo, Hilda? Nipo juu ya jiwe, ndipo penye mtandao."

"Umekula?"

"Nimekula. Maharage yamefufuka."

"Usitanie ufufuko."

"Basi yameamka. Wenzangu wanataka kumjua aliyeyapika. Nimewaambia ni wangu."

"Maharage ndiyo yako?"

"Nawe pia, kama hukatai."

Hilda alicheka. Hakukataa. Alikuwa na miaka thelathini na mitano, na kila usiku kabla ya kulala alikuwa akimwomba Mungu mtu wa kula naye. Tangu jioni ile alianza kumshukuru kabla hajajua mwisho wake.

Mwisho ulikuwa mikononi mwa Shangazi Sidonia. Alfonce alifiwa na mama yake akiwa mchanga, na shangazi huyo ndiye aliyemlea. Hakuwa na mzazi mwingine.

"Yeye asipokubali," Alfonce alisema, "sina wa kunisindikiza kwenu kupeleka posa. Na bila baraka yake siwezi kuoa. Nitakuwa nimemtupa."

"Basi mlete nimwone."

"Anakuja. Macho yana mtoto wa jicho, amepangiwa kutibiwa hospitali ya kwenu Mvumi Jumatano. Jumatatu atapita kwako."

"Nimpikie nini?"

"Mpikie kile kilichoniteka mimi. Vile vya kwenye sanduku. Ajue mikono yako."

Jumatatu Shangazi Sidonia alifika, mwembamba, amejifunga khanga mbili za zambarau, rozari shingoni, akimshika Alfonce mkono kwa sababu ya ukungu wa macho.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nguo yako ina nini? Naona kama maziwa yamemwagika."

"Ni ndege, shangazi."

"Ndege? Haya. Macho yangu yamewanyonyoa."

Walicheka, na Hilda akaona mambo ni mema. Alikuwa amemwagia kila kitu maji ya moto mapema, kwa hiyo hapakuwa na moshi wala kelele ya sufuria. Aliwanawisha mikono, akaandaa wali, maharage, nyama na mlenda. Shangazi alikula, akaongeza, akaramba kidole.

"Nyama laini hii. Umeinunua leo?"

"Hapana, shangazi," alisema Hilda kwa furaha. "Niliipika mwezi uliopita, nikaikausha. Vyote hivi ni vya kukausha. Leo nimevirudishia maji tu."

Mkono wa shangazi ulisimama juu ya sahani. Aliomba maji ya kunawa.

"Asante, mwanangu. Nimeelewa. Alfonce, twende."

Hilda alimtazama Alfonce. Alfonce alitazama sakafu. Kesho yake asubuhi shangazi alipanda basi kurudi Farkwa, na macho yake vilevile.

Alfonce alipiga simu, Hilda akapokea.

"Alisema nimemkosea nini?"

"Hasemi. Nimemuuliza, hasemi."

"Ameona nimemlisha kiporo. Na wewe ulisema nini?"

"Nilinyamaza. Hilda, yule mama hajibiwi."

"Sikutaka umjibu. Nilitaka useme neno moja, kwamba wewe ndiye uliyeniambia nipike vile. Kilimani unakisifia chakula changu, mbele ya watu wako unahesabu vigae."

"Mpenzi, nisikilize."

"Nilikusikiliza siku ile, ukiwa kimya."

Akakata. Hakupokea tena. Lakini alikuwa ameahidi kukausha chakula cha safari ya Alfonce na wenzake, ya kwenda Farkwa kwa miguu, na ahadi kwake ilikuwa jambo la mbele za Mungu. Alipika, akatandaza, akageuza, akafungasha. Mifuko ikapelekwa Mtumba kwa bodaboda bila salamu. Usiku alipopiga magoti alijaribu kuombea moyo wake mwenyewe, na kila mara sala ikaishia kwenye macho ya yule mama.

Kundi lilitembea siku kadhaa likafika Farkwa, na Alfonce akaenda kulala kwa shangazi. Jioni alibaki na mfuko mmoja. Alichemsha maji, akayamimina, akafunika. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda, akisikiliza.

"Ni vya yule binti?"

"Ndivyo."

"Kula. Wewe uko safarini, ni halali yako."

Alfonce aliweka kijiko chini. "Shangazi, alikukosea nini?"

"Hujui kweli?"

"Sijui."

"Ulikwenda shule za bweni mapema, hukukaa jikoni kwetu." Shangazi alivuta khanga begani. "Katika nyumba ya bibi yako, nyama kavu ilining'inia juu ya moto, na hakuna aliyeigusa. Ilikuwa ya anayeondoka. Mgeni akifika, unawasha moto asikie. Unampikia kibichi, hata kama ni mboga ya shambani tu. Siku ya kuondoka ndipo unamfungia kikavu. Bibi yako akimchoka mgeni hakumfukuza. Alimwekea kikavu kwenye sahani, na mgeni akaelewa, akaaga. Mimi nimefika kwa binti mchana, sijasikia moto, napewa chakula cha anayeondoka. Nikaondoka."

Alfonce aliusogeza mfuko kando.

"Shangazi, mimi ndiye niliyemwambia apike vile."

"Wewe?"

"Mimi. Yeye alitaka kukupa kilicho bora mikononi mwake. Aliponitazama nimtetee, nikanyamaza."

Shangazi alimchapa begani kwa pindo la khanga, si kwa nguvu. "Kwa hiyo nimemwonea mtoto wa watu. Na macho yangu nimeyanyima tiba kwa hasira. Mungu anisamehe. Na wewe anza kumwomba mapema, foleni ni ndefu."

Asubuhi Alfonce alipanda juu ya jiwe, penye mtandao. Hilda aliona jina lake kwenye simu, akataka kuiacha iite. Kisha akakumbuka yupo porini.

"Umeumia?" ndilo neno lake la kwanza.

"Nimeumia."

"Wapi?"

"Ulimi. Siku ile uligoma kufanya kazi."

Hilda aliuma mdomo asicheke. Alfonce akamweleza yote, moto, mgeni, na kikavu cha anayeondoka. 

"Kumbe nilimfukuza," Hilda alisema.

"Mimi ndiye niliyemfukuza kwa mkono wako, halafu nikakuacha peke yako mezani. Nisamehe, Hilda."

"Macho yake vipi?"

"Hilo tu ndilo unaloniuliza?"

"Hilo kwanza. Mlete Mvumi, afikie kwa mama. Wewe tutakuangalia baadaye, ukishakauka vizuri."

Shangazi Sidonia alikuja. Alipokelewa na Paulina, mama yake Hilda, katika nyumba yenye ua uliofagiliwa, karibu na hospitali. Hilda alimchukua jogoo akamchinjia nyuma ya dirisha la mgeni, makusudi, ili kelele zisikike. Aliwasha moto wa kuni zilizolia. Shangazi alikaa ndani akisikiliza kila kitu, kuanzia jogoo mpaka mwiko, na machozi yakamtoka kwenye macho yaliyokuwa bado hayaoni vizuri.

"Shangazi, nilikukosea bila kujua," Hilda alisema alipoleta maji ya kunawa.

"Na mimi nilikuhukumu bila kuuliza. Leta huyo jogoo, mwanangu, yeye hana kosa."

Kesho yake walimfanyia upasuaji, na siku iliyofuata bandeji ikaondolewa. Hilda alikuwa amesimama mbele ya kitanda, amevaa lile gauni la bluu. Shangazi alimtazama kuanzia kilemba hadi viatu, akanyoosha mkono akagusa kitenge.

"Kumbe ni ndege kweli," alisema. "Na wana macho."

Siku ya kurudi Farkwa, Alfonce alibeba mizigo hadi mlangoni pa nyumba ya Paulina. Shangazi akabaki amekaa kitini.

"Shangazi, tutachelewa basi."

"Sijaaga vizuri. Sijapewa cha njiani."

Hilda alielewa, akakimbilia chumbani. Akarudi na wali wake mkavu, maharage na nyama, na mama Paulina akaongeza mlenda uliosagwa, wa mvua zilizopita. Shangazi aliipokea mifuko kwa mikono miwili.

"Sasa naondoka kwa heshima. Na aliyefungiwa hiki baada ya kula kibichi, ameambiwa arudi. Nitarudi na wazee, kwa ajili ya huyu asiyejua kusema."

"Shangazi," alisema Alfonce, akiweka mizigo chini, "naomba neno lenyewe nilianze mimi." Akamgeukia Hilda. Jasho lilikuwa likimtoka kana kwamba amepanda kilima. "Hilda, nakupenda. Naomba nikuoe."

"Mbele ya mama zetu, Alfonce?"

"Mbele yao ndipo niliponyamaza."

Hilda aliinamisha uso, kisha akauinua. "Nimekubali. Ila lile begi lako litalala nje."

Mama Paulina alipiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia. Shangazi Sidonia aliomba wasali kabla ya kuachana. Wote waliinama na kufumba macho, isipokuwa yeye. Alisali macho wazi, akimtazama Hilda, na Alfonce, na ile mifuko magotini pake.

"Nimekaa gizani muda mrefu, Bwana," alisema. "Leo niruhusu nikushukuru nikiwa natazama."