Kufunga Nyumba ya Mkunga

Jumamosi ya wageni, Nyumba ya Mkunga, makumbusho ya mkunga wa zamani wa mji, ilikuwa imefurika mpaka ngazini. Watoto walisukumana waone beseni la enameli, wazee walitafuta picha za mama zao ukutani, na mtembeza wageni, akiwa ndani ya gauni lake la bluu lenye ukosi mweupe, alikuwa anaeleza jinsi nusu ya mji ilivyozaliwa katika chumba cha juu, aliposhtuka kumwona mwanamume amesimama upande usiotakiwa wa kamba.

"Kaka, hiyo kamba umeivuka kwa bahati mbaya au kwa makusudi?"

Mwanamume hakugeuka. Alikuwa ameweka kiganja ukutani kama mtu anayempima mgonjwa homa, na mkono wa pili ulishika uzi wenye kipande cha madini ya risasi kinachoning'inia. Shati lake lilikuwa limenyooshwa pasi, lakini viatu vilikuwa vyeupe kwa vumbi la chokaa.

"Samahani, dada. Nilikuwa namsikiliza."

"Nani?"

"Ukuta."

"Basi mwambie kuna kibao. Kimeandikwa 'Usiguse'."

"Nimekiona. Nilidhani kimepinda." Akautazama uzi uliotulia. "Kumbe kibao kiko sawa. Ukuta ndio umepinda."

Wageni wakacheka. Mtembeza wageni hakucheka, ila alijikuta akimtazama yule mtu zaidi ya ilivyohitajika. Shangazi yake, mlinzi wa nyumba ile tangu yeye akiwa mdogo, akamvuta pembeni.

"Mpole mpole na huyo. Ndiye fundi mkaguzi aliyetumwa na halmashauri. Akisema nyumba haifai, sisi tunakabidhi funguo na mkunga wetu anakufa mara ya pili."

Hivyo ndivyo walivyokutana, na tangu siku ile hakuna aliyemwita mwenzake kwa jina. Mtembeza wageni alimwita Timazi, kwa sababu ya uzi ule wa kupimia kama ukuta umesimama wima. Fundi naye alimwita Mwenye Nyumba.

Timazi alirudi kesho yake, na siku zilizofuata. Alipima nyufa, akagonga mbao za sakafu kwa kifundo cha kidole, akakaa kimya mbele ya ukuta wa mbele kwa muda ambao mtu mwingine angemaliza chakula. Mwenye Nyumba alizoea kumpelekea chai, kisha akazoea kukaa nayo. Jioni simu ilianza kulia.

"Umefika, Mwenye Nyumba?"

"Nimefika. Na wewe?"

"Mimi nimefika, ila moyo umebaki kwenye ngazi zenu."

"Utauangukia kesho, maana ngazi umesema mbovu."

"Ngazi ni nzima. Ukuta ndio unaotoka nje kidogo kidogo. Mpenzi, wageni wa juu wawe wachache, tafadhali. Nakuomba."

Alisema "mpenzi" kwa mara ya kwanza, na lile ombi lililofuata likapita bila kusikika vizuri. Mwenye Nyumba alilala akitabasamu gizani.

Lakini kila alipouliza, "Utasema nini kwa halmashauri?", Timazi alijibu, "Ngoja nimalize." Hakuwa mtu wa kutoa neno kabla hajalipima. Mwanzoni jambo hilo lilimpendeza Mwenye Nyumba. Baadaye likaanza kumwasha kama upupu.

Mchana mmoja alipanda na kikombe cha chai mkononi akamsikia anazungumza na simu dirishani.

"Ndiyo, mzee, nimeshaamua. Nyumba inafungwa wiki ijayo, kabla mvua hazijaanza. Hapana, yeye sijamwambia. Nataka nimwambie mwenyewe, taratibu."

Chai ilimwagikia gaunini. Hakuhisi moto wake. Alishuka kwa ncha za vidole, akaweka kikombe juu ya kabati la mkunga, mahali ambapo kila siku aliwakataza wageni kuweka kitu.

"Shangazi, tumekwisha," alisema. "Anatufunga."

Simu ililia jioni ile, ikalia asubuhi, ikalia tena. Mwishowe akaipokea ili aikomeshe.

"Mpenzi, mbona hupokei?"

"Mpenzi wako ni ukuta. Kamsikilize yeye."

"Nimekosa nini?"

"Unaifunga nyumba, huifungi?"

"Naifunga, ndiyo. Nani amekuambia? Nilitaka..."

"Kunywa chai yetu kote kule, kumbe unatupima jeneza!"

"Jeneza gani tena? Hebu nisikilize. Nimesikia Jumamosi mmeita watu wengi. Usiwapandishe juu. Sikia, Mwenye Nyumba, chochote unachonichukia..."

Alikata. Yale maneno ya mwisho yakamtia hasira zaidi. Kwa nini watu wasipande? Ili chumba kionekane kitupu, halmashauri iseme hakuna anayekihitaji?

Basi Jumamosi aliwapandisha.

Walikuja Marafiki wa Nyumba wote, wale waliojitolea kufagia, kupaka rangi madirisha na kuleta watoto wa shule. Alikuja Breki, dereva mstaafu aliyezaliwa katika kitanda kilekile kilichokuwa mbele yao, na ambaye hakuacha kulitaja hilo. Walikaa sakafuni bega kwa bega, wengine wakajazana dirishani.

"Sisi hatutoki," Mwenye Nyumba alisema. "Akija mtu kuifunga nyumba hii, aifunge na sisi humu ndani."

"Mimi nilitoka humu mara moja nikilia," alisema Breki. "Mara ya pili watanitoa wao wakilia."

Walipiga makofi. Mbao zikanguruma chini yao.

Mwenye Nyumba ndiye aliyeuona mzani. Ulikuwa umening'inia kwenye boriti, mzani wa mkunga wa kupimia vichanga, na hakuna aliyeugusa. Ulikuwa unabembea. Taratibu, kama una mtoto ndani.

Kipande cha plasta kikadondoka ndani ya beseni. Mlio wake ulinyamazisha chumba kizima. Juu ya dirisha, ufa aliouzoea tangu utotoni ulikuwa umefunguka, na mwanga wa nje ukaingia kwa mstari mwembamba.

"Mtu asikimbie."

Timazi alikuwa mlangoni. Hakuinua sauti. Alikuwa anahema kama mtu aliyepanda ngazi zote kwa pumzi moja.

"Walio dirishani, sogeeni kwangu polepole. Pitieni huku pembeni, miguu karibu na ukuta wa ndani. Mama, wewe kwanza. Vizuri. Anayefuata asishuke mpaka nimwite."

"Na mimi na magoti yangu?" aliuliza Breki.

"Wewe ni dereva, mzee. Shuka kwa gia ndogo."

Mtu mmoja akacheka kwa woga, na hicho kicheko kikawasaidia kupumua. Walishuka mmoja baada ya mwingine. Mbao zililia, mzani ukabembea. Mwenye Nyumba alisimama alipokuwa, akihesabu vichwa vya watu aliowapandisha yeye mwenyewe. Mwisho wakabaki wawili.

"Njoo."

"Tangulia wewe."

"Mwenye Nyumba, bishana na mimi chini. Hapa, hapana."

Timazi alimpa mkono. Ulikuwa baridi na umejaa chokaa. Walishuka pamoja mpaka wakakanyaga udongo wa uani, ambapo shangazi alikuwa anakagua watu kama kuku waliorudi bandani.

Nje ya geti lilisimama lori limebeba vyuma virefu, vyenye ncha za kukazia nati.

"Vya nini hivyo?" Mwenye Nyumba aliuliza kwa sauti ndogo.

"Vya kufungia nyumba." Timazi alijipangusa uso. "Vinapita kutoka ukuta huu mpaka ule, vinakazwa pande zote mbili, ukuta unaacha kutoka nje. Sisi mafundi tunaita kufunga nyumba. Ulidhani ni nini?"

Breki akafungua mdomo, shangazi akamkanyaga mguu.

"Nilidhani ni mlango," Mwenye Nyumba alisema. "Na kufuli."

"Ukashika neno moja, ukaenda kuketisha watu juu ya sakafu niliyokuomba uiache." Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililouma. "Yule mama ana mjukuu anayemsubiri nyumbani. Ungeniuliza tu."

"Nilikuuliza! Kila siku nilikuuliza, ukasema ngoja nimalize. Unampa mtu nusu ya neno, kisha unashangaa amejaza nusu iliyobaki kwa hofu yake." Machozi yakamtangulia. "Lakini watu niliwapandisha mimi. Ulinionya, nikakata simu. Hilo ni langu, sikusukumii."

"Na kosa la kunyamaza ni langu," Timazi alisema. Kisha akaenda kusaidia kushusha vyuma, bila kugeuka.

Alifanya kazi mpaka mawingu ya mvua yalipokaribia. Chai ilikuja, lakini aliileta shangazi. Siku ya mwisho, jioni, Timazi aliita kutoka juu.

"Mwenye Nyumba! Njoo ukaze nati ya mwisho."

Alipanda, kanga kichwani. Alishika spana kwa mikono miwili, na mikono ya Timazi ikaja juu ya yake. Chuma kililia mara moja, kikatulia. Juu yao mzani wa vichanga ulikuwa umesimama wima, kimya kabisa.

"Kuna kitu kingine nataka kufunga," Timazi alisema.

"Sema neno zima. Leo sijazi chochote mwenyewe."

Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, Timazi alizungumza kabla hajapima.

"Ndoa. Mimi na wewe. Ukitaka."

Kutoka chini shangazi akapaza sauti, akipigapiga funguo mlangoni. "Nyie huko juu! Jua linazama, mimi nafunga!"

Mwenye Nyumba aliinama juu ya ngazi, spana bado mkononi.

"Funga, shangazi! Na sisi tunafunga!"

Kisha, huko chini, funguo zote zikaanguka sakafuni.