Gari Lililopumzika Kutwa

Asubuhi hiyo Latifa alichemsha mihogo, akamsaidia mama mkwe wake kuoga, kisha akamfunga kitenge kipya. Mama mkwe aliitwa Bi Sabra. Alikuwa na mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili, na watu aliwajua kwa sauti tu. Madaktari wa macho walikuwa wamekuja hospitali ya mjini Mtwara. Leo ilikuwa siku yao ya mwisho ya kupokea wagonjwa, na mwisho ni saa nne. Kambi nyingine ya macho kama hiyo haikujulikana itakuja lini.

Latifa alimpakia mama mkwe kwenye gari lao kuukuu, hapo kijijini, mbele kidogo ya Naliendele. Akazungusha ufunguo. Tik! Akazungusha tena. Tik! Taa zikawaka hafifu, kisha zikazimika.

"Mbona hatuendi?" aliuliza Bi Sabra.

"Hata sielewi, mama. Jana lilikuwa zima. Tena lilipumzika kutwa!"

Majirani wakakusanyika, na kila mmoja akawa fundi.

"Imwagieni betri maji ya moto," alisema mmoja.

"Chumvi ndiyo dawa yake," alisema mwingine.

"Tulisukume!" alisema Faraji, shemeji yake Latifa, na tayari alikuwa amekunja mikono ya shati.

Latifa alitazama huku na huku. Amsikilize nani? Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Bi Sabra hakuweza kupanda bodaboda kwa sababu ya nyonga yake mbovu, na bajaji ya kijiji ilikuwa imekwenda mjini tangu alfajiri. Saa ilikuwa moja na nusu. Latifa alitamani kulia.

Majirani wakampa namba za mafundi wawili. Akazidi kuchanganyikiwa.

"Waulize wote maswali yale yale," alisema Bi Sabra kutoka garini. "Macho ndiyo yameziba, akili haijaziba. Mimi hata kanga sinunui duka la kwanza."

Latifa akapiga namba ya kwanza. "Fundi, uko wapi? Utafika saa ngapi? Utafanya nini, na kwa bei gani?"

"Tuma nauli kwanza, mama," alijibu mwanamume. "Bei tutajua nikifika. Betri nitaondoka nayo."

Latifa akashukuru, akakata simu. Namba ya pili ilipokewa na mwanamke.

"Naitwa Joyce, fundi umeme wa magari, niko Chikongola. Gari liko barabarani?"

"Hapana, liko uani."

"Vizuri. Gia za mkono au otomatiki?"

"Otomatiki."

"Basi msilisukume, haliwaki kwa kusukumwa. Na msimwage chochote kwenye betri. Nakuja na gari langu na nyaya. Saa mbili na robo nimefika." Akataja bei papo hapo. "Utalipa likiwaka."

Saa mbili na robo Joyce alikuwa uani. Aliikagua betri. Haikuwa na ufa wala haikuvimba.

"Jana gari lilifanya kazi gani?" aliuliza.

"Halikufanya kazi," alisema Latifa. "Lilipumzika."

Faraji akajikuna kichwa. "Jana wali, wale vijana wetu, walitoka jandoni. Niliunga spika kwenye betri, tukacheza tangu adhuhuri hadi magharibi."

"Injini ilikuwa inawaka?"

"Nilizima. Nilikuwa naokoa mafuta."

"Ndugu yangu, betri ni kama mtungi, na injini ndiyo inayoujaza. Wewe umechota kutwa bila kujaza."

Latifa alimtazama shemeji yake. Hakujua acheke au amgombeze.

"Dada Latifa, sogea uone," alisema Joyce. Magari yote mawili yalikuwa yamezimwa, na hayakugusana. "Waya mwekundu unaanzia kwenye alama ya kujumlisha ya betri iliyokufa, unaishia kwenye alama kama hiyo ya betri nzima. Mweusi unaanzia kwenye alama ya kutoa ya betri nzima. Ncha yake ya mwisho usiifunge kwenye betri iliyokufa. Ifunge kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na betri. Cheche zinaweza kuilipua. Na mtu asivute sigara hapa."

Akawasha gari lake. Wakangoja dakika chache.

"Haya, washa."

Latifa akasema bismillahi, akazungusha ufunguo. Gari likanguruma. Majirani wakapiga vigelegele.

Joyce akatoa nyaya: wa mwisho kufungwa ukawa wa kwanza kutoka. "Usizime njiani mpaka hospitali," alisema. "Mkitoka huko, nitaipima betri. Ikishindwa kutunza umeme, utabadilisha."

Walifika saa tatu na nusu. Bi Sabra akapokelewa, akafanyiwa upasuaji wa jicho moja siku ile ile. Joyce alipoipima betri, akasema bado ni nzima. Faraji akanunua betri nyingine kwa ajili ya spika yake, tena bila kuambiwa.

Kesho yake muuguzi akamfungua Bi Sabra bandeji. Bi Sabra akapepesa jicho. Akautazama uso uliokuwa mbele yake kwa muda mrefu. Mtandio wa Latifa ulikuwa umeteleza kichwani.

"Ni wewe, Latifa?"

"Ni mimi, mama."

"Mwanangu! Mara ya mwisho nilikuona kichwa cheusi. Mvi hizi zimeota lini?"

Latifa akacheka huku machozi yanamtoka.

"Muulize mwanao Faraji."